Mzee anayeamka usiku kukojoa: tuanze na lipi zahanati?

Swali: Ndugu watabibu, mzee wa miaka 68 huamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, na mkojo hutoka kwa udhaifu. Nipime nini kabla ya rufaa?

Jibu: Pima mkojo na sukari, kwani kisukari nacho huwaamsha watu, kisha, kwa ridhaa yake, pima tezi dume kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa: iliyokua ikiwa laini na sawasawa huelekea kuwa si saratani, ilhali yenye kinundu kigumu huhitaji rufaa mapema.

Jibu: Nakubaliana nawe, daktari. Kipimo cha PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) kisubiri maambukizi ya mkojo yapone, maana maambukizi hayo huyapandisha majibu bure.

Jibu: Tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya tezi dume na shingo ya kibofu, hupunguza dalili, ila mwonye kuhusu kizunguzungu anaposimama. Mkojo ukiziba kabisa, tafadhali mwekee mpira wa kutolea mkojo mara moja.