Figo zikifeli, akili nayo inaondoka? Tupeane uzoefu

Kijana_wa_Pongwe: Wakuu, leo kwenye daladala mama mmoja kamuuliza konda kituo kile kile mara nne, mwanawe akawa anamfokea. Nikaona mkononi ule mshipa uliotuna wa watu wa mashine ya kusafisha damu. Nikamkumbuka mshua.

Mshua alikuwa mwalimu wa hesabu. Ilianza anakosea chenji dukani. Halafu mchana analala, usiku macho makavu, kwikwi haikatiki, saa tisa usiku yuko uani anatafuta kengele ya shule. Akawa ananiita kwa jina la baba mdogo aliyefariki. Ndugu wakasema katupiwa jini. Tukamchinja jogoo wake mwekundu kwa mganga, wiki mbili zikapotea hivyo. Kufika hospitali, daktari akamwambia anyooshe mikono, ainue viganja kama anayesimamisha gari. Viganja vikawa vinadondoka na kurudi, vinadondoka na kurudi. Daktari akasema pimeni figo. Yurea ilikuwa imejaa kwenye damu, takataka zote zinamwendea kichwani. Mara ya kwanza wakamsafisha masaa mawili tu, taratibu, kwamba ukisafisha kwa pupa ubongo unaweza kuvimba. Wiki ya tatu akakaa kitandani, akatutazama mmoja mmoja, akauliza: "Jogoo wangu yuko wapi?"

Mama_Chanja: Usiku kuwa mchana, na sisi yalitukuta. Pole.

Ndimu_Kavu: 😂😂 Sasa mlimjibu nini?

Mke_wa_Mkulima: Wangu anaenda mashine mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara. Watu wanadhani akitoka pale ndio kapona. Akitoka ni gunia tupu, simu anaitafuta huku ameishika. Kesho yake ndio namwona mume wangu. Ada na mambo ya shamba tunaongea kesho yake, na tunaandika daftarini, maana ataapa hatukuongea.

Ndimu_Kavu: Mimi hela ningemuomba siku hiyo hiyo ya mashine.

Mke_wa_Mkulima: Nilishajaribu. Hela haisahau.

Tabibu_Asili: Mnahangaika bure. Madafu mawili asubuhi, figo zinasafishika zenyewe. Mwenye uhitaji aje inboksi.

Nesi_Mstaafu: Wewe utaua mtu. Madafu yamejaa potasiamu, na figo iliyofeli haiwezi kuitoa. Moyo unasimama.

Tabibu_Asili: Babu zetu wamekunywa miaka yote.

Nesi_Mstaafu: Babu zako walikuwa na figo.

Halafu nyie wenye wagonjwa wa kisukari: figo zikichoka, insulini inakaa mwilini muda mrefu. Dozi ile ile ya zamani inamshusha sukari, anaanza kuongea ovyo, nyie mnasema figo zimempanda kichwani. Pimeni sukari kwanza!

Chui_Mpole: Kwetu ilikuwa antibiotiki. Siku ya tatu ya sindano dada hajui hata jina lake, shangazi kashaanza kukusanya hela za maombi. Walipogundua dozi haikupunguzwa kulingana na figo, wakabadilisha, akili ikarudi.

Mama_Chanja: Na hela za maombi?

Chui_Mpole: Usiniulize.

Kijana_wa_Pongwe: @Ndimu_Kavu, bi mkubwa alimwambia jogoo kaibiwa. Mshua sasa hesabu zote anapiga, ila jirani hamsalimii mpaka leo.