Naomba ushauri: Blow-Up niwaonyeshe vijana bila utangulizi?

Wakuu, habari za muda huu. Nafundisha vijana kupiga picha, na nataka niwawekee filamu ya Blow-Up ya mwongozaji Michelangelo Antonioni, ile ya 1966 iliyochukuliwa London. Kinachonipa wasiwasi ni mwisho wake.

Kwa ambao hamjaiona: mpiga picha, anayeigizwa na David Hemmings, anawapiga picha kwa kujificha mwanamke na mwanaume bustanini. Mwanamke anazitaka zile picha kwa udi na uvumba. Jamaa anaingia chumba cha giza, anasafisha, anakuza, anakuza tena, anazibandika ukutani. Anafuata macho ya mwanamke yanakoelekea mpaka kichakani: mkono, bastola. Baadaye kitu kama maiti kwenye nyasi. Ila kadiri anavyokuza ndivyo picha inavyogeuka chembechembe tupu. Hapo nikiwa darasani naweza kuongea saa nzima.

Sasa muuaji hajulikani, maiti asubuhi haipo, na filamu inaishia kwenye tenisi isiyo na mpira. Vijana wenyewe wamezoea muvi ambayo dakika ya mwisho muuaji anakamatwa. Nahisi watanizomea.

Mliowahi kuionyesha kwa kundi, niwaambie mapema kwamba jibu halipo, au niwaache wakutane nalo wenyewe? Halafu kuna vipande vya utupu, na mmoja wao huwa anakuja na mama yake mzazi. Niviruke?