Kijitabu cha darasani kikiingia kampuni: je, kutaja chanzo kunatosha?

Mkufunzi:
Ndugu zangu, nimefundisha usimamizi wa miradi chuoni kwa miaka sita, na polepole nimejikusanyia kijitabu cha mazoezi cha kurasa tisini hivi. Sehemu kubwa nimeiandika mwenyewe. Hata hivyo, humo mna majedwali mawili na mchoro mmoja kutoka vitabu nilivyonunua kwa fedha zangu, makala moja nzima ya jarida linalolipiwa na chuo, nukuu za hapa na pale, na zoezi refu lililotolewa chini ya leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi ambayo mtunzi huitoa kwa kila mtu kwa masharti yake, nayo hii ina sharti la kutofanyiwa biashara. Kila kipande nimekiandikia jina la mwandishi na chanzo chake.

Sasa kampuni moja imeniomba niwafundishe wafanyakazi wake kwa malipo, na inataka kijitabu kiwekwe kwenye mtandao wake wa ndani ili kila mmoja akipakue. Naomba kuelezwa mambo mawili. Kwanza, ikiwa nimetaja vyanzo vyote, nimebaki na deni gani? Pili, inawezekanaje kurasa zilezile ziwe halali darasani Jumatatu na ziwe kosa ofisini Jumanne?

Msomasheria:
Mwalimu, nianze na swali la kwanza, kwa kuwa ndilo linalowaponza wengi. Kutaja chanzo kunakuondolea shutuma ya wizi wa maandishi, yaani kujifanya mwandishi wa kisichokuwa chako. Hakimiliki ni shauri jingine kabisa, kwani huuliza ni nani mwenye haki ya kutoa nakala na kuzisambaza. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mwanafunzi wa shule moja ya Ujerumani aliyechukua picha ya mji wa Córdoba kutoka tovuti ya safari, akaitumia katika kazi yake ya darasani na kuandika alikoitoa, kisha kazi hiyo ikawekwa kwenye tovuti ya shule. Mahakama ilisema kwamba kuiweka hapo kulihitaji ruhusa ya mpiga picha. Chanzo kilikuwa kimetajwa, na hakuna aliyekuwa akifanya biashara.

Jibu la swali la pili limo katika Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao ndio msingi wa sheria za hakimiliki katika nchi nyingi. Kifungu cha 10 kinaziachia nchi uhuru wa kuruhusu kazi za watu zitumike kama vielelezo vya kufundishia, kwa kiasi kinachohalalishwa na lengo hilo na kwa namna ya haki. Ruhusa hiyo imefungamana na kitendo cha kufundisha, wala haikupewa kurasa zenyewe ili zitembee nayo kokote ziendako. Nukuu zako zina nafuu zaidi, kwa sababu kifungu hichohicho kinaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kihalali bila kuuliza kama anayenukuu ni mwalimu au mfanyabiashara, mradi nukuu isizidi haja yake.

Inayonitia wasiwasi ni ile makala nzima. Mwaka 1994, huko Marekani, kampuni ya mafuta ya Texaco ilishindwa katika mahakama ya rufani kwa sababu mtafiti wake mmoja alitoa fotokopi za makala nane za jarida la kisayansi na kuzihifadhi katika faili zake. Jarida lilikuwa limelipiwa na kampuni yenyewe, na nakala hizo hazikuuzwa kwa mtu yeyote. Wewe hata utetezi huo huna, kwani aliyelipia jarida ni chuo.

Mwalimu wa Hisabati:
Ndugu Msomasheria, kuhusu makala nakubaliana nawe, lakini tusimtishe mwenzetu kana kwamba pesa ikionekana tu basi kila ruhusa imekufa. Wachapishaji wakubwa watatu walilishtaki duka la fotokopi lililokuwa likiwatolea wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Delhi, kwa malipo, mafungu ya kurasa kutoka vitabu vyao. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikaitupa kesi hiyo. Rufani ikarudisha sehemu yake isikilizwe, na mwaka 2017 wachapishaji wenyewe wakajitoa.

Kuhusu lile zoezi, ipo kesi ya mwaka 2018 inayolingana nalo kwa karibu. Great Minds, shirika lisilo la faida, lilikuwa limetoa vitabu vya hisabati chini ya leseni yenye sharti hilohilo la kutofanya biashara, likadai kwamba FedEx, katika maduka yake ya fotokopi, imevunja sharti kwa kuzitoza shule ada ya kunakili. Mahakama ya rufani ya Marekani ilikataa. Kwa hiyo mtu anaweza kupokea malipo na leseni isivunjwe.

Msomasheria:
Kesi hizo ni nzuri, ila zisome hadi mwisho. Kote kuwili duka lilikuwa mkono tu wa kunakili. Waliozihitaji kurasa zile walikuwa wanafunzi na shule. Na hata hapo mahakama hazisemi kwa sauti moja: mwaka 1991, huko New York, kampuni ya maduka ya fotokopi ya Kinko's ilishindwa kwa jambo linalofanana sana na lile la Delhi. Mwenzetu hana mwanafunzi wa kusimama nyuma yake. Anayelitaka zoezi ni kampuni, na anayelipwa ni yeye mwenyewe. Leseni hiyo haiulizi kama wewe ni mwalimu, bali inauliza kama matumizi yamelenga hasa faida ya kibiashara au malipo ya fedha. Hapa sioni pa kuponea.

Mkufunzi:
Nawashukuru nyote, ingawa ninyi wawili mmenifanya nikione kijitabu changu kama kifurushi cha madeni. Je, nikiyachora upya majedwali na mchoro kwa rangi zangu, tatizo halijaisha?

Mhariri Mstaafu:
Nimeshughulikia maombi ya ruhusa kwa miaka mingi katika nyumba ya uchapishaji, na swali hili nililisikia karibu kila wiki. Rangi hazisaidii. Hakimiliki hailindi wazo wala takwimu zenyewe. Hulinda namna zilivyoelezwa, kuchaguliwa na kupangwa. Ukiupaka mchoro rangi mpya na kuacha mpangilio uleule, bado umenakili. Bali ukizichukua takwimu, ukazichanganua upya kwa ajili ya mazoezi yako na kujenga jedwali linalojibu swali lako mwenyewe, hilo ni lako, nawe utaje tu zilikotoka. Angalizo moja: ikiwa takwimu zimechotwa kwa wingi kutoka hifadhidata, sheria za Umoja wa Ulaya zina ulinzi wa pekee wa miaka 15 hata pale ambapo hakuna ubunifu.

Makala usiinakili kabisa. Weka kiungo chake, na kampuni iitafutie leseni kwa mchapishaji au kwa jumuiya inayokusanya mirabaha ya kunakili. Gharama hiyo ni yao. Zoezi mwandikie aliyelitunga, kwa kuwa aliyeitoa leseni hiyo hakuzuiwa kukupa ruhusa nyingine kando yake, na mara nyingi watunzi wa namna hii hukubali kwa furaha.

Ukiandika, usiseme tu kwamba unaomba kutumia kitabu chao. Barua za namna hiyo tuliziweka chini ya rundo, si kwa ubaya, bali kwa sababu hazikujibika. Taja ukurasa, namba ya jedwali, toleo, idadi ya wafanyakazi watakaolisoma, muda, na kama litabaki kwenye mtandao wa ndani au litachapishwa. Uliza pia kama haki ni ya mchapishaji, kwa maana mara kwa mara mchoro umekopwa kutoka kitabu kingine, na aliyeuchapisha hana mamlaka ya kukupa. Usipojibiwa, usihesabu kimya kuwa ni idhini; liondoe jedwali hilo, kijitabu kitoke bila hilo.