"KWANI ULINUNUA ILI IIMBE?" Yule mzee wa gramafoni mnayemsifia humu leo kanimaliza

Wakuu, salamu baadaye. Natype huku mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Yule mzee wa vitu vya kale pale Mji Mkongwe, sitaji jina nisije nikapigwa ban, ila mnamjua. Nyie wenyewe ndio mlionijaza humu, "nenda kwa yule ana mikono ya dhahabu, anafufua gramafoni zilizokufa tangu enzi za sultani". Miwani iko juu ya kofia, haijawahi kushuka machoni. Huyo huyo.

Nimechukua kwake gramafoni ya tarumbeta, milioni na ushee imenitoka, ananiapia imekarabatiwa kila kitu, mashine ya 1905, mali ya wakusanyaji, eti hata Waingereza wenyewe wanamsumbua kwa simu. Tarumbeta la shaba linang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu, na kibandiko cha yule mbwa anayesikiliza, nembo ya His Master's Voice, kiko mbele. Nikalipakata kwenye boti mpaka Dar kama mtoto mchanga, watu wananipisha siti.

Nikaita wazee nyumbani waje wasikie. Nikatoa santuri ya bibi, Siti binti Saad, zile alizoimba Bombay 1928, kitu kimekaa kabatini miaka yote hata mende alikuwa anakiheshimu. Nikazungusha handeli. Siti kaanza vizuri, wazee wameshafumba macho, ghafla sauti ikaanza kushuka, Siti akawa mwanaume, akawa babu, akawa jenereta, halafu ndani ya sanduku PAAA! springi imekatika. Shangazi alitoka nje kwa spidi ambayo hajawahi kuitumia tangu azaliwe.

Leo nimepanda boti nimemrudishia. Duka limejaa watalii. Nikamwamkia shikamoo vizuri, nikamweleza kwa adabu zote. Mzee kaniangalia, kacheka, kasema: "Kwani wewe mwanangu ulinunua ili iimbe?"

ILI IIMBE!!! Sasa gramafoni nimenunua ili ifue???

Haikuishia hapo. Kamwita kijana wake, kijana kaleta spika ya bluetooth, mzee kaitumbukiza ndani ya tarumbeta LANGU, kawasha singeli, kaniambia "haya, hiyo inaimba". Watalii wanapiga makofi wanachukua video. Mimi nimesimama pale na shikamoo yangu. Singeli. Ndani ya tarumbeta la milioni na ushee.

Nimerudi na boti ya jioni na kila nikifumba macho nasikia ulinunua ili iimbe, ulinunua ili iimbe. Hela yangu nitaidai hata kwa kulala mlangoni kwake.

*

Kandambili Moja: Mkuu pole ila nimecheka nimemwaga chai 😂😂 akawa jenereta!!

Ndimu Kavu: Singeli gani aliweka? Naulizia rafiki.

Mtoto wa Kikwajuni: Huyo mzee mimi simshangai, alimuuzia mjomba saa ya ukutani, mjomba alipolalamika haiendi akaambiwa "mara mbili kwa siku inasema kweli". Ana majibu yule.

Fundi Kimya: Mleta uzi angalia skrubu za lile sanduku. Kama zina alama ya msalaba juu, hiyo 1905 ni hadithi, maana skrubu za aina hiyo zimeanza miaka ya 1930. Zimejaa sana hizi zinazotoka India, wanachukua mota ya gramafoni ya kubeba iliyochoka, wanachonga sanduku jipya, wanapachika tarumbeta jipya la shaba na kibandiko cha mbwa, basi, tayari ni ya kale. Nyingi za zamani zenyewe tarumbeta lilikuwa bati limepigwa rangi, hazing'ai hivyo. Na kushuka sauti ni springi au grisi iliyoganda au gavana mbovu, kile kidude cha kushika mwendo, santuri zile zinataka mizunguko kama 78 kwa dakika, zikipungua tu Siti lazima awe babu. Sindano ulibadilisha?

Mleta Uzi: Nimeangalia. Zina msalaba. ZOTE. Sindano aliniambia moja inakaa mwaka mzima.

Fundi Kimya: Astaghfirullah. Sindano ya chuma ni upande mmoja wa santuri, unatupa unaweka nyingine. Ikishalika inageuka tindo, inachimba njia. Siti wa bibi mwangalie vizuri kwenye mwanga.

Mleta Uzi: Nimemwangalia. Kuna mstari wa kijivu. Sitaki kuongea. ETI NILINUNUA ILI IIMBE.

Jongoo wa Haraka: Yaani una milioni ya kununua tarumbeta na nyimbo zote ziko kwenye simu bure? Tatizo si mzee, tatizo una hela.

Bi Kidawa: Wewe Jongoo kaa kimya, ulinunua jogoo laki mbili.

Jongoo wa Haraka: Kuchi yule! Mbegu ile! Usichanganye mambo.

Kandambili Moja: Mimi nina LP za marehemu baba, naweza kupigia kwenye gramafoni kama hiyo?

Fundi Kimya: USITHUBUTU. LP zimekuja 1948, ni plastiki laini ya mizunguko 33, ukiweka kile kichwa kizito na sindano ya chuma unalima shamba.

Mtoto wa Kikwajuni: Mbona hamzungumzii makasha? Nilinunua sanduku la njumu "la bibi harusi wa karne iliyopita", nimelifuta kwa kitambaa kibichi rangi imetoka yote, nikanusa, majani ya chai. Sanduku limepikwa chai!

Ndimu Kavu: Na tangawizi?

Bi Kidawa: Afadhali nyie mmeuziwa. Kuna fundi redio Kariakoo kakaa na amplifaya ya mume wangu mpaka nimechoka kuulizia, kila nikipiga "dada kipuri kiko njiani". Siku nimepita naikuta inapiga muziki kwenye genge la jirani yake. Nikauliza, naambiwa ipo kwenye majaribio.

Kandambili Moja: Mafundi wote baba mmoja. Wa nguo ndio kiboko, gauni la sendoff kaniletea mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, nikilalamika ananiambia nisimame vizuri.

Jongoo wa Haraka: Na ulisimama vizuri?

Mleta Uzi: Jamani mimi je? Hela yangu? Nani ana namba ya mwenye ile video?

Bi Kidawa: Kandambili hebu nitajie inbox huyo fundi wa sendoff, isije ikawa ndiye nimempelekea kitenge cha mdogo wangu jana.

Kandambili Moja: Yuko karibu na sheli, ana kimeza cha bluu, anakata bila kupima.

Bi Kidawa: Mungu wangu ni yeye. Naenda sasa hivi.

Ndimu Kavu: Nenda na tepu.