Magunia sita ya mahindi yamevunda: niyasage, niwape kuku, au nimwage?

MamaPacha, Kimilili
Hamjambo wapendwa. Mvua ilitukuta mahindi yakiwa bado kwenye turubai. Tukaanua mbio mbio, tukapukuchua, tukatia kwenye magunia ya nailoni tukitumaini kuyaanika tena. Jua halikutoka wiki nzima. Jana nilifungua gunia la chini nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko: ndani joto kama chungu kilichotoka jikoni, punje zimegandana, na kwenye viini kuna unga wa kijani uliochanganyika na manjano. Sita yako hivyo. Manane yanaonekana mazuri.

Mama mkwe anasema nioshe, nianike, nisage, moto wa ugali utamaliza. Jirani anayataka ya kupikia pombe ya busaa. Nina pacha wa mwaka mmoja na nusu na uji wao ni wa mahindi haya haya. Nishaurini.

Mzee wa Kitale
Pole sana mwanangu. Sisi tulikuwa tunachagua, mabovu tunawapa ng'ombe. Ni jasho lako hilo, usimwage yote.

Kinu cha Njoro
Mzee wangu, kwa heshima, hapo hapana. Ng'ombe akila aflatoksini, yaani sumu ya hiyo kuvu, sehemu yake hutokea kwenye maziwa, na maziwa ni ya hao hao watoto. Kuku pia huumia ini. Dada, moto unaua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kuingia kwenye punje inabaki hata sufuria ichemke vipi. Mwaka 2004 hapa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa ndizo zilizoathirika zaidi, sumu hii iliwaugua watu 317 na 125 wakafa. Wengi walikula mahindi ya shamba lao, yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Walikuwa wameyapika.

Shangazi wa Bungoma
Na jirani usimuuzie. Atakayekunywa hiyo busaa ni mume wa mtu. Chimba shimo mbali na kisima, ufukie. Pacha wape uji wa wimbi kwanza, na ukiona macho yao yanageuka manjano au wanatapika, usingoje asubuhi, kimbia hospitali.

Kinu cha Njoro
Hayo manane usiyaamini kwa macho. Tia punje kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza chumvi kavu, funika, tikisa, ngoja robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Wewe unataka 13.5. Lakini chumvi haionyeshi sumu, ni unyevu tu. Kabla ya kula, peleka sampuli maabara: sheria yetu hairuhusu zaidi ya mikrogramu 10 kwa kilo. Na mifuko isiyopitisha hewa ni ya mahindi makavu. Ukitia mabichi, yataozea humo.

MamaPacha, Kimilili
Asanteni sana. Sita tumefukia jioni hii. Mama mkwe alisimama kando ya shimo kimya, kisha akachukua jembe akatusaidia. Chumvi imeganda kwa magunia matatu kati ya manane. Kesho nayaanika yote juu ya turubai, na sampuli naipeleka Bungoma mjini.