Naomba ushauri: shokapu za nyuma za Hilux ya mizigo

Habari zenu wakuu. Nina pikapu Hilux, nabeba matoke kutoka mashambani Isingiro hadi Mbarara (Uganda), kama kilo 800 kwa safari, na njia za huko ndani ni vumbi na mashimo matupu. Shokapu ya nyuma kushoto inavuja mafuta mpaka vumbi limeganda juu yake kama ugali. Gari likiwa tupu linaruka kama mbuzi. Fundi amebadilisha bushi (zile raba za kwenye viungio), hakuna nafuu. Shokapu za mtumba nilishafunga, hazikumaliza miezi minne (rahisi ghali, najua).

Halafu niliongeza jani moja la springi, nyuma imepanda inchi 2 hivi. Sasa, kwa kazi hii nichukue shokapu za gesi au za mafuta? Na urefu wa kawaida utatosha, au nitafute ndefu zaidi?