Naomba ushauri: iliki na karafuu za Tanga zalipiwa ushuru?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mi niko Malindi, nasaga bizari ya pilau nauzia mahoteli na akina mama wanaopika harusi. Mwezi jana nikaleta iliki na karafuu toka Tanga kupitia mpaka wa Lunga Lunga, mzigo mdogo tu haufiki hata dola 1,000, wakala akanambia lipa ushuru nikalipa na risiti mpaka leo sijaiona, roho yaniuma kweli.

Sasa naambiwa mazao yaliolimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hayalipi ushuru wa forodha ukiwa na cheti cha uasili, yaani cha kuonyesha yamelimwa wapi, na mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti chepesi wapewa pale pale mpakani. Alowahi kukichukua anieleze, niende na nini mkononi, risiti ya muuzaji yatosha?

Lingine mdalasini. Nanunua duka lile lile Tanga lakini gunia limeandikwa India, huo najua haukulimwa kwetu na ushuru wake ni halali, ila nikiupakia gari moja na iliki si utaniharibia mzigo wote? Ramadhani yabisha hodi na nataka niagize wiki ijayo, nisaidieni jamani.